Waulize Wachoraji: Sodiamu si wa njano

SWALI: Nimewachorea kidato cha pili elementi kama katuni kwenye manila. Sodiamu nimempaka njano, Klorini nyekundu kwa kuwa ni mkali, tena Klorini ndiye mkubwa maana ana protoni 17 na mwenzake 11. Watoto wamezipenda, ila kwenye zoezi wengi wameandika "sodiamu ni metali ya njano". Nizitupe? — Mwalimu, Mbagala

JIBU: Usizitupe, Mwalimu, ila zinataka kazi. Mwanafunzi hukariri anachokiona, hata kile ulichokipaka kwa urembo tu. Sodiamu hung'aa kama fedha na ni laini, hukatika kwa kisu. Mpake kijivu cha kumeremeta. Njano iweke kwenye picha anapoungua, kwani mwali wake ndio wa njano. Mtumbukize kwenye chupa ya mafuta ya taa, anaitazama ndoo ya maji kwa wasiwasi. Klorini ni gesi ya kijani-njano, na huyo chora pacha walioshikana, maana gesi yake ni atomu mbilimbili.

Kosa zito liko kwenye ukubwa. Ukienda kulia katika mstari mmoja wa jedwali la elementi, protoni huongezeka na kuvuta elektroni karibu zaidi, hivyo atomu husinyaa. Sodiamu mpe upana wa sentimita 18, Klorini 10. Sodiamu ashike mpira mmoja, ndiyo elektroni yake ya nje. Klorini awe na mipira 7 na pengo la wa 8. Picha ya pili, mpira umehama, na vipimo navyo vinageuka: Sodiamu kapoteza ganda zima la elektroni, kabaki na sentimita 10, Klorini kavimba hadi 18. Kifuani waandike + na −. Wengi hunakili tu picha ya kwanza na kuhamisha mpira, kisha wanashangaa darasa halielewi ayoni, yaani atomu iliyopoteza au kupata elektroni.

Hawa wawili wasishikane mikono. Mikono ni ya wanaotumia elektroni kwa pamoja, si wa kupeana: Haidrojeni 1, Oksijeni 2, Naitrojeni 3, Kaboni 4. Neoni hana shida na mtu, mikono mfukoni.

SWALI: Mistari yangu ya maka inachuruzika nikipaka rangi ya maji. — Msomaji, Tabata

JIBU: Umetanguliza mstari, na wino wako unayeyuka kwa maji. Chora kwa penseli, paka rangi, acha ikauke kabisa ndipo upitishe maka. Masika, kwa unyevu wa Dar, iache ilale hadi kesho.