Mhasibu anasema kuna faida, benki hakuna kitu: pesa imekwenda wapi?

Mkuu mleta mada, umeuliza inawezekanaje mhasibu akuletee mizania inayoonyesha faida wakati akaunti ya benki imekauka, na umeanza kuhisi unaibiwa. Usimfukuze mtu kwanza. Mimi natunza vitabu vya hesabu vya maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Tanga, Ngamiani na Chumbageni, na swali lako naulizwa kila hesabu za mwaka zinapofungwa.

Mizania inaeleza, kwa tarehe moja, kampuni ina mali gani na mali hizo zimepatikana kwa fedha za nani. Huku mali, kule madeni pamoja na mtaji wa wenye hisa. Pande hizo lazima zilingane, maana kila muamala unaandikwa sehemu mbili. Ni utaratibu wa wafanyabiashara wa bandari ya Venice, Luca Pacioli akauchapisha mwaka 1494, na mpaka leo haujapata mbadala.

Tuchukue mfano, kodi tuiweke pembeni kwanza. Wenye hisa wameweka benki milioni 20. Mali milioni 20, mtaji milioni 20. Wakala anakuletea mifuko 500 ya saruji kwa mali kauli, kila mfuko sh 16,000. Stoo inapanda milioni 8, deni unalodaiwa na wakala linapanda milioni 8. Kampuni inaonekana imekua, lakini hujapata hata senti.

Sasa mkandarasi wa Pongwe anachukua mifuko 200 kwa sh 18,000, atalipa mwisho wa mwezi. Stoo inapungua sh 3,200,000, wadaiwa, yaani fedha unazowadai wateja, wanaongezeka sh 3,600,000. Tofauti, sh 400,000, ndiyo faida, nayo inakwenda kwenye mtaji. Benki haijaguswa! Faida imeshazaliwa na pesa bado iko mfukoni mwa mkandarasi. Siku akilipa, benki inapanda na wadaiwa wanapungua, basi. Faida haiongezeki tena, ilishahesabiwa siku mzigo ulipotoka.

Kabla hajalipa, unampunguzia wakala milioni 5, kisha unanunua kirikuu cha kubebea mizigo kwa milioni 12 taslimu. Benki imebaki milioni 3. Kwa mtu anayetazama salio tu, huu ni msiba. Kwenye mizania, deni limepungua na gari limeingia kwenye mali, na ile faida ya sh 400,000 iko palepale. Gari litaanza kuila faida polepole kupitia uchakavu, yaani thamani yake inayopungua kadiri linavyotumika: ukikadiria litadumu miaka 5 na mwisho wake halina thamani, ni sh 200,000 kila mwezi, ingawa hakuna aliyetoa pesa mwezi huo.

Malipo ya awali nayo yanachanganya wengi. Mteja akikulipa milioni 2 za nondo ambazo hazijafika, benki inanona, lakini hayo si mauzo. Ni deni: unadaiwa nondo. Nimeona watu wakizitumia fedha hizo kulipa pango, halafu mzigo ukifika hawana cha kuukombolea.

Ila kwa uzoefu wangu, kinachokausha kampuni ndogo za huku kwetu ni mkono wa mwenye kampuni. Ada ya mtoto, mchango wa harusi, tofali za nyumba, vyote vinatoka kwenye droo ya duka. Kampuni ikishasajiliwa, fedha zake si zako binafsi, hata kama hisa zote ni zako. Ulichochukua kama ni mkopo, kinaandikwa kwamba mkurugenzi, yaani wewe, anadaiwa; kama ni gawio, yaani mgao wa faida kwa wenye hisa, kinapunguza mtaji. Vyovyote vile si matumizi ya biashara, kwa hiyo hakipunguzi faida. Ndiyo maana mhasibu wako anaweza kuwa sahihi kabisa na benki ikawa tupu.

Fanya hivi. Mwombe mizania ya mwaka jana na ya mwaka huu, uziweke pamoja mezani. Wadaiwa wamepanda kiasi gani? Stoo je? Umenunua gari au mashine? Deni la wakala limepungua? Mkurugenzi anadaiwa ngapi? Fedha unayoitafuta imelala kwenye mistari hiyo. Ikikosekana hata humo, hapo sasa una haki ya kuuliza kwa ukali.

Na kama umesajiliwa kwenye Kodi ya Ongezeko la Thamani, ile kodi unayomtoza mteja usiihesabu kuwa mapato. Ukishatoa kodi uliyolipa kwenye manunuzi, inayobaki ni deni lako kwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na ritani yake, yaani fomu ya kutangaza kodi hiyo, ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Wengi wanaizungusha kununulia mzigo, tarehe ikifika wanakimbilia kukopa.

Ukizipata hizo mizania mbili, weka hapa tarakimu bila jina la kampuni, tuzipitie pamoja mstari kwa mstari.