Bwana afya mpya Mombasa: anzia kisimani

Ukipangiwa Mvita, Likoni au Kisauni, usikimbilie kukagua hoteli. Anza na visima. Maji ya bomba hapa hutoka mbali, Mzima, Marere na Baricho, na mifereji ikikauka siku mbili tatu watu hurudi kwenye kisima cha uani au kwa muuza maji wa mkokoteni. Kipindupindu hupenya hapo.

Mji umekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye nyufa na matundu. Mchanga huchuja maji machafu yakipita polepole; nyufa huyapitisha tu. Kwa hiyo mita 30 kati ya choo na kisima hapa si dhamana. Pima, andika, lakini usimwambie mwenye nyumba maji ni salama kwa sababu ya umbali. Uliza na shimo la choo la jirani liko wapi, maana ukuta wa ua haufiki chini ya ardhi.

Sampuli ndiyo huharibiwa zaidi na wageni wa kazi. Chukua maabara chupa safi iliyouliwa vijidudu na yenye thiosulfeti. Dawa hiyo huzima klorini. Bila hiyo klorini huendelea kuua vijidudu njiani, na jibu linakuja zuri kuliko maji yenyewe. Usiisuuze chupa. Kifuniko kishike mkononi, kikitazama chini, wala usikiweke ukingoni mwa kisima. Acha nafasi kidogo juu ili maji yatikisike. Weka kwenye sanduku la barafu, andika saa, fikisha ndani ya saa 6. Foleni ya feri Likoni uihesabu kabla ya kuchota. Jibu unalotaka ni E. koli, kijidudu cha kinyesi, 0 katika mililita 100.

Kisima kikitoka kichafu, usimwage klorini kwa kukisia. Chukua kisima cha upana wa mita 1.2 chenye maji ya kina cha mita 3. Nusu ya upana ni 0.6; 0.6 × 0.6 × 3.14 × 3 ni kama mita 3.4 za ujazo, yaani lita 3,400. Ukitaka miligramu 50 kwa lita, unahitaji gramu 170 za klorini halisi. Unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 utakuwa gramu 260 hivi. Vaa glavu na miwani, tia unga kwenye ndoo ya maji, kamwe usimwage maji juu ya unga. Koroga, acha utulie, mimina maji ya juu kisimani na kuzunguka kuta. Funga kisima kwa muda wa saa 12 hadi 24, ondoa kamba na ndoo mtu asichote, kisha vuta maji hadi klorini iliyobaki ishuke chini ya miligramu 0.5 kwa lita. Kopo likikaa wazi kwenye unyevu wa pwani, nguvu hupungua na hesabu yako yote huwa bure.

Dawa haizibi njia ya uchafu. Mdomo wa kisima uinuliwe, uwe na mfuniko, ndoo iwe moja na isilazwe chini. Mwenye nyumba akikataa, Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, inakupa uwezo wa kumwandikia notisi. Ndani yake taja kazi na tarehe, si “boresha usafi”.

Ukiwa uani, chungulia mapipa. Maji yakikatika watu huhifadhi, na mbu wa dengi na chikungunya, anayeuma mchana, hutaga mayai ukutani mwa pipa juu kidogo ya maji. Mayai hustahimili ukavu miezi kadhaa, ndiyo maana kumwaga hakutoshi: pipa lisuguliwe kila wiki, kisha lifunikwe.

Mwisho, pima mtungi wa chumbani. Kama maji yametiwa klorini, subiri dakika 30, tia kidonge cha DPD, kile cha kupima klorini, usome rangi ya waridi: miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Kisima kikiwa sawa na mtungi ukasoma 0, tafuta kikombe kinachotumbukizwa humo.