Gundi kati ya ubao wa juu wa meza na fremu?
Hapana, usigundishe, na skrubu nazo usizikaze zote kwa nguvu, ubao utapasuka tu. Mbao hata ikaushwe vipi bado inavuta unyevu wa hewa na kuutoa, na inatanuka kwa upana yaani kukatisha nyuzi, kwa urefu ni kama haisogei kabisa. Ubao wa upana wa sentimita 90 unaweza kucheza milimita 5 mpaka 10 hivi kati ya msimu wa unyevu na wa ukavu, sasa fremu haisogei hivyo, lazima kitu kiachie. Meza yangu ya kwanza nilimwaga gundi kote nikajiona fundi, miezi michache baadaye usiku nasikia pwaa!, asubuhi ufa unaingia ukucha toka ncha mpaka karibu katikati.

We toboa matundu ya skrubu kwenye fremu yawe marefu kama yai, kuelekea upana wa meza, weka washa (kile kipete bapa cha chuma kinachokaa chini ya kichwa cha skrubu) halafu kaza isibane sana. Za katikati unaweza kukaza kawaida, hapo ubao utatanuka sawa pande mbili.

Gundi ya kuunga mbao ubavu kwa ubavu haina shida, hizo zinatanuka pamoja. Na kama ubao wa juu ni plaiwudi sahau yote haya, nyuzi zake zimepishanishwa kwahiyo haichezi sana, hiyo piga gundi tu