Wale wawili waliotupa mgongo

Mwanangu mpendwa,

Picha uliyonitumia kutoka huko Italia nimeipata, na swali lako nimelisoma: kwa nini Giotto, yule mchoraji wa Italia wa zamani, katika Maombolezo ya Kristo, mchoro wake wa ukutani kanisani, aliweka mbele kabisa watu wawili waliotupa mgongo?

Nimefurahi umewaona, maana picha nzima imesimama juu yao. Kabla ya Giotto, watakatifu wengi katika makanisa ya Italia walichorwa wakitutazama sisi, nyuma yao dhahabu tupu, wametulia mbali na shida zetu. Hapa hakuna anayetutazama. Mariamu amemkumbatia mwanawe, uso kwa uso. Magdalena amekaa miguuni pa maiti. Yohana ameinama, mikono ameitupa nyuma. Na hao wawili wameketi chini, wamejifunika gubigubi. Ni kama ufike msibani ukute kina mama wamekaa mkekani: hakuna anayegeuka kukuangalia, nawe unatafuta pa kukaa. Angewachora nyuso, tungebaki kuwatazama. Migongo yao imetufanya tukae nyuma yao, tuomboleze nao.

Hebu uangalie mgongo mmoja tu, taratibu. Nguo imevutika pale ulipopinda, chini ikajikunja ardhini, na unauona uzito wa mtu aliyechoka kulia. Jicho wala chozi huoni. Juu, mwamba unashuka kwa mshazari hadi kwenye uso wa Mariamu na wa Yesu, na malaika angani wanalia, kila mmoja kwa namna yake.

Yote hayo kayachora kwenye lipu mbichi ya chokaa. Fundi hupiga lipu ya kipande atakachokimaliza siku hiyo, rangi ikazama na kukauka pamoja na ukuta. Akikosea, abandue aanze upya. Sisi tunaochora ukutani tunajua hofu hiyo. Buluu nyingi iliwekwa juu ya lipu iliyokwisha kukauka, ndiyo maana imebanduka mahali pengi.

Umeuliza pia nani alilipa. Ni Enrico Scrovegni, tajiri wa Padova, mji ulipo mchoro huu. Baba yake, Reginaldo, alikuwa mla riba, na mshairi Dante akamweka motoni katika utenzi wake. Kanisa lenye mchoro huu, alilojenga Enrico, liliwekwa wakfu mwaka 1305, na kwenye ukuta wa Hukumu ya Mwisho Enrico amepiga magoti akilitoa kwa Mariamu. Wako wanaosema alikuwa anasafisha mali ya baba yake. Iwe toba iwe majivuno, mimi namshukuru: fedha zile zingeweza kuishia kwenye ngome.

Ukienda, weka nafasi mapema. Wanaingiza watu wachache wachache, kwanza mnasubiri kwenye chumba cha kurekebisha hewa, kisha mnapewa kama dakika 15. Usizimalize kwenye simu. Nenda ukuta wa kaskazini, ule usio na madirisha, safu ya chini ya visa vya Yesu. Mtazame Yohana, halafu uniandikie macho yake yameelekea wapi.

Baba yako