Dokumentari ya ngoma ya kwetu na tuzo: niliyoyaona mwenyewe

Mtoa mada hongera kwanza kwa kumaliza kushuti, wengi tunaishia kwenye trela. Umeuliza kwamba una dokumentari ya dakika 26 ya ngoma ya kijijini kwenu, uipeleke tamasha gani na majaji wanaangalia nini mpaka watoe tuzo. Mie nimepita njia hiyo hiyo na imeniuma, ntakwambia kama ilivokuwa.

Mie mtu wa Makunduchi, Unguja. Filamu yangu ya kwanza ilikuwa ya Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya wa Nairuzi, nadhani wengi mnaujua, wanaume wa pande mbili wanapigana kwa migomba, kina mama wanaimba wamejipamba, kisha kibanda cha makuti kinatiwa moto. Nilipomaliza kuediti nikawa na pupa ya tuzo, nikaona mtandaoni tamasha linalojiita la tamaduni za dunia, washindi kila mwezi, vipengele vingi hata huvimalizi kuvisoma, kila kimoja ada yake dola 35. Nikalipia vitatu, na pesa yenyewe ilikuwa ya kodi ya nyumba. Wiki tatu tu nikaletewa imeili nimeshinda, pamoja na ile picha ya majani mawili ya mshindi ya kubandika kwenye posta, nikairusha kila grupu la WhatsApp, mamangu akalia kwa furaha. Usiku ule nikafungua linki niliyowatumia, ile ya siri yenye paswedi, maana inahesabu mara ngapi filamu imetazamwa. Sifuri. Hakuna aliyeigusa hata sekunde moja. Asubuhi ikabidi nimwambie mama, na kumwambia kule ndo kuliniuma kuliko dola zenyewe.

Tokea hapo sitoi senti mpaka nijue nani ataikalia kitako kuitazama. Tamasha la kweli majaji wake wanatajwa kwa majina, kuna ukumbi, kuna watu wanakata tiketi, na washindi wanahesabika. Hapa kwetu kuna ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, liitwalo pia Tamasha la Nchi za Jahazi, linafanyika tangu 1998, sinema zinaoneshwa wazi usiku mle Ngome Kongwe, Mji Mkongwe. Tuzo yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu, halafu Jahazi la Fedha, na dokumentari zina nafasi yake. Miaka mingi likifanyika Julai, mwezi ule ule wa Mwaka Kogwa, basi mie toka mdogo nikitoka kwenye vumbi la Makunduchi napanda daladala kwenda mjini kuangalia filamu. Jua pia kuna tuzo zinazotolewa na jopo la taasisi nyengine ndani ya tamasha hilo hilo, kama SIGNIS ya wanahabari Wakatoliki, wana majaji wao na vigezo vyao, so soma kila kipengele kinataka nini kabla hujajaza fomu.

Nje, kwa filamu ya mila kama yako, angalia Tamasha la Jean Rouch kule Paris, lipo tangu 1982, kazi yake ni filamu za watu na tamaduni zao, lina mpaka tuzo ya urithi usioshikika, yaani ngoma, nyimbo, ufundi wa mikono. Ngoma yako inaingia humo moja kwa moja.

Sasa majaji. Nilikataliwa mara mbili na matamasha ya maana, na safari ya pili nikabahatika kukaa na mmoja wa waliochuja. Akanambia, sauti yako inasimulia toka mwanzo hadi mwisho, dakika ya nne nishajua Nairuzi ilitoka Uajemi lakini yule mzee anayefunga makuti simjui hata kidogo, anaishi na nani, anafikiri nini kibanda kikiungua. Nikarudi nyumbani nikafuta karibu usimulizi wote. Tena kina bibi wanaongea Kikae, lahaja yetu ya Makunduchi, mtu wa Dar hakipati sembuse mgeni, na mie nilikuwa nawafunikia sauti yao kwa Kiswahili changu cha redio! Nikaacha sauti zao, nikaweka maandishi ya chini, nikakaa na mwalimu wa kwetu wiki nzima tukibishana neno kwa neno. Usifanye kazi hiyo kwa programu ya kutafsiri, nakuomba sana.

Na uediti usiuchukulie poa. Softie, dokumentari ya Sam Soko wa Kenya, mwaka 2020 pale Sundance, tamasha kubwa la filamu la Marekani, ilipata tuzo maalumu ya majaji, na ilitolewa kwa uhariri, yaani kwa namna walivyoipanga ile stori. Ngoma nzuri iliyopangwa vibaya inakuwa kama video ya harusi, waliokuwepo ndo watakaoitazama.

Jengine, kabla hujatuma popote ioneshe kijijini kwenu, kila ngoma ina sehemu wazee hawataki itoke nje na ikishatoka huwezi kuirudisha. Sie tulifunga shuka jeupe uwanjani, genereta la kuazima, watoto mbele kwenye mikeka. Nilidhani watanisifu. Bibi mmoja akasimama katikati ya filamu akasema, wimbo ule mmeukata kabla ya kiitikio, asiyejibiwa katukanwa. Kweli, niliukata kwa sababu ya muda. Nikaurudisha wote, filamu ikarefuka dakika mbili na nusu, na hiyo ndo kopi ninayotuma sasa hivi. Ukimaliza maandishi yako ya chini niletee linki inbox, ntaitazama yote.