Quidditch bila uchawi mtaani Umoja

Mwalimu, umeuliza kama vijana wako wa Umoja wanaweza kucheza Quidditch, ule mchezo wa wachawi katika hadithi za Harry Potter, ilhali hakuna fagio la kuruka. Wanaweza kabisa! Wanafunzi wa chuo cha Middlebury, Marekani, waliuanza mwaka 2005 wakikimbia na fimbo katikati ya miguu, na tangu 2022 unaitwa quadball.

Kwa fimbo, kata bomba la plastiki la maji, kama mita moja, kisha piga ncha msasa; mpini wa mbao huchuna mapaja vibaya. Pete tatu za kila upande, ndizo magoli, zikunje kwa bomba jeusi, si chuma, maana watazigonga. Mpira wa voliboli upunguze upepo ushikike kwa mkono mmoja.

Ninachokusihi ni kuhusu kile kimpira cha dhahabu ambacho mchezaji mmoja wa kila timu hukiwinda. Hadithini kukikamata ni pointi 150, goli ni 10 tu: mmoja anafuta jasho la wenzake sita. Usiwafanyie watoto hivyo. Weka pointi 30, na kimpira kiwe ndani ya soksi iliyoning'inia nyuma ya kaptura ya mkimbiaji asiye wa timu yoyote. Kukwepa mipira wanayorushiwa na wapinzani hawahitaji kufundishwa. Wamecheza kati tangu utotoni.