Kondo la Nyuma la Panya wa Porini: Maswali na Majibu

Je, kondo la nyuma la panya linafanana na la binadamu?

Kwa nje yanafanana, kwa kuwa yote mawili ni mviringo bapa kama kisahani, na katika yote mawili damu ya mama hutoka kwenye mishipa yake na kugusana moja kwa moja na seli za kondo. Otto Grosser, aliyepanga kondo za wanyama mwaka 1909 kwa kuhesabu tabaka zinazotenganisha damu ya mama na ya kijusi, aliyaweka katika kundi moja.

Tofauti iko ndani. Kondo la binadamu limejengwa kwa matawi mengi yanayooga katika damu ya mama, ilhali la panya limejaa vijia vyembamba vilivyosokotana, ambavyo wataalamu huviita labirinthi. Katika panya wa nyumbani, damu ya mama hupelekwa kwanza hadi upande wa kijusi, kisha hurejea polepole kupitia vijia hivyo huku damu ya kijusi ikienda kinyume chake, na kwa kupishana huko oksijeni huendelea kuhama karibu njia nzima.

Nimesoma kwamba labirinthi ya panya ina tabaka tatu za seli. Je, ndezi na nungunungu nao wako hivyo?

Hapana, na hapa ndipo vitabu vingi hupotosha, kwa sababu vimeandikwa kwa kumtazama panya wa maabara peke yake. Tabaka tatu ni za panya wa nyumbani na ndugu zake wa karibu. Ndezi, nungunungu, fuko uchi na simbilisi ni ukoo mwingine wa wagugunaji (wanyama wenye meno ya kuguguna, kama panya): kati ya damu ya mama na kapilari (mishipa myembamba kabisa ya damu) za kijusi wana tabaka moja tu, na labirinthi yao imegawanyika katika vifungu vinavyoonekana wazi kwenye hadubini. Zaidi ya hayo, kati ya kondo lenyewe na tishu ya mama kuna fungu la pekee la seli, ambalo panya wa kawaida hana kabisa. Humo hutoka seli zinazopenya hadi kwenye mishipa ya mama na kuibadilisha. Kuhusu ndezi, maelezo ya kina yalitolewa mwaka 1982 na watafiti Oduor-Okelo na Gombe.

Je, ndiyo sababu ndezi huzaliwa macho wazi, na panya huzaliwa uchi?

Jibu hilo linavutia, maana mimba ya ndezi huchukua takriban miezi mitano na ya panya shamba siku 23 hivi. Lakini fuko uchi analivunja. Yeye ni wa ukoo wa ndezi na hubeba mimba kwa siku 70 hivi, lakini watoto wake huzaliwa vipofu na bila manyoya. Kwa maoni yangu, muundo wa kondo hueleza zaidi nasaba ya mnyama kuliko hali ya mtoto anapozaliwa.

Mfuko wa kiini, yaani utando ambao kwa ndege huzingira kiini cha yai, una kazi yoyote kwa mnyama asiyetaga mayai?

Kwa wagugunaji, ndiyo. Hugeuka ndani nje, ukafanya kazi hadi karibu na kuzaliwa, na hupitisha kingamwili za mama. Kwa binadamu kazi hiyo hufanywa na kondo lenyewe.

Watafiti hujuaje panya aliyenaswa amewahi kuzaa watoto wangapi?

Huhesabu makovu. Kila mahali kondo liliposhika na kubanduka, damu hubaki kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, seli walaji huimeza, na madini ya chuma yaliyomo huacha doa jeusi. Mfuko ukitandazwa na kumulikwa kwa nyuma, madoa huonekana yamepangana kwenye pembe zake mbili, yaani matawi mawili ya mfuko huo. Panya shamba anaweza kuwa na zaidi ya kumi kwa uzao mmoja. Hata hivyo hesabu hiyo si idadi ya watoto waliozaliwa, kwa kuwa kiinitete kilichokufa na kufyonzwa mwilini nacho huacha doa, na makovu ya uzao wa zamani, ingawa yamefifia, huweza kuchanganyika na mapya.